Sura ya Tano: Starehe Nayo Ina Historia Yake

Ukitaja uhifadhi wa kumbukumbu mbele ya watu, swali huwa halichelewi. Ngome, sawa. Makaburi ya masultani, sawa. Hata stesheni ya reli iliyochakaa ina watetezi wake. Lakini bembea? Mahali watu walipokwenda kula, kupiga kelele na kurudi nyumbani na mchanga miguuni, pana nini cha kuhifadhi?

Swali ni la haki, na jibu langu ni hili. Nyaraka za serikali zinajua mtu alizaliwa lini, alilipa kodi kiasi gani, alishitakiwa kwa kosa gani na alizikwa wapi. Hazijui alichekea wapi. Fundi cherehani, kuli wa bandarini, msichana wa kiwandani mwenye siku moja tu ya mapumziko kwa wiki: watu hawa karibu hawamo kabisa katika majalada, isipokuwa pale walipopata shida. Ukitaka kujua walifanya nini siku ambayo hakuna aliyewatuma, itabidi uende mahali walipojipeleka wenyewe.

Nimechagua mtaa mmoja wa starehe ulioko mbali na kwetu, Coney Island, ncha ya kusini ya Brooklyn katika jiji la New York, unaotazama bahari ya Atlantiki. Sababu yangu ni kwamba karibu kila njia ya kupoteza historia, na karibu kila njia ya kuiokoa, imeshajaribiwa pale.

Senti tano za furaha

Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye LaMarcus Thompson alifungua pale reli fupi ya mbao yenye milima na mabonde. Abiria alilipa senti 5, akaketi kwenye kigari, akateremka kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Leo baiskeli ingempita. Lakini huo ndio mwanzo wa biashara ya rolakosta, yaani vigari vinavyopandishwa hadi kileleni mwa reli kisha kuachiliwa viporomoke kwa uzito wao wenyewe.

Zikafuata bustani tatu za burudani, kila moja ikiwa na lango lake la kulipia na michezo yake ndani. George Tilyou alifungua Steeplechase mwaka 1897. Frederic Thompson na Elmer Dundy wakafungua Luna Park mwaka 1903, wakaijaza taa za umeme zilizokadiriwa kufika 250,000, wakati nyumba nyingi za wageni wao bado zilitumia gesi au mafuta. Mwaka 1904 ikaja Dreamland, nyeupe tupu, yenye mnara katikati. Treni ya jiji ilipofika mwaka 1920 kwa nauli ya senti 5, na njia pana ya mbao ilipofunguliwa kando ya bahari mwaka 1923, milango ikawa wazi kwa kila mtu. Siku za joto kali ilisemekana watu milioni moja walikuwa ufukweni. Mpigapicha Weegee aliupiga umati huo picha mwezi Julai 1940. Ukiitazama, utatafuta mchanga usiuone. Ni vichwa na mabega mpaka mwisho wa macho.

Majengo yasiyokusudiwa kudumu

Hapa ndipo ugumu wa kuhifadhi unapoanza. Aliyejenga ngome alitaka wajukuu zake waikute. Aliyejenga Dreamland alitaka arudishe fedha zake haraka kabla mteja hajachoka. Kuta zilizoonekana kama marumaru zilikuwa plasta iliyochanganywa na nyuzi, ikapakwa juu ya fito za mbao. Kitu cha namna hiyo hakihitaji adui.

Steeplechase iliungua Julai 1907. Kesho yake Tilyou akabandika tangazo: anayetaka kuona magofu yanayofuka moshi alipe senti 10. Nampenda mtu huyu kwa ujasiri wake, ingawa sidhani angependa kazi yetu ya uhifadhi. Kwake hata majivu yalikuwa bidhaa.

Dreamland haikupata nafasi ya kuuza majivu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, siku ya kufungua msimu, mafundi walikuwa wakiziba nyufa kwa lami ya moto ndani ya mchezo ulioitwa Hell Gate, yaani Lango la Jehanamu. Taa zikapasuka, giza likaingia, ndoo ya lami ikamwagika. Kulipokucha bustani haikuwapo. Haikujengwa tena. Luna Park nayo ilishika moto mwaka 1944 na huo ukawa mwisho wake.

Basi mtu anayetafuta mabaki ya miaka ile ya fahari atapata nini? Postikadi, tiketi, mabango, na filamu fupi zisizo na sauti. Vitu vya karatasi, tena vile ambavyo watu huvitupa. Si ajabu kwamba uhifadhi wa mtaa huu ulianzia kwa wakusanyaji binafsi waliokuwa wakiokota kile ambacho makumbusho makubwa hayakukiona kuwa na thamani.

Sheria ilipofika

Jiji la New York lilipata sheria yake ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, baada ya wananchi kukasirishwa na kubomolewa kwa stesheni kuu ya treni iliyoitwa Pennsylvania. Sheria hiyo iliunda tume yenye uwezo wa kutangaza jengo kuwa alama ya jiji. Likishatangazwa, mwenye jengo hawezi kulivunja wala kulibadilisha sura bila ruhusa.

Mwaka uleule, Steeplechase, iliyokuwa imejengwa upya baada ya moto na kufungwa mwaka 1964, ilinunuliwa na mjenzi wa nyumba Fred Trump, baba yake Donald Trump. Alitaka kujenga maghorofa. Mwaka 1966 aliandaa sherehe ya kubomoa: wageni walialikwa, wakapewa matofali wayatupe kwenye vioo vya ukumbi mkubwa wa michezo, jengo la chuma na kioo lililokuwa moyo wa bustani ile. Tume ilikuwapo tayari, lakini ukumbi haukuwa kwenye orodha yake. Maghorofa hayakujengwa kamwe, kwa sababu jiji lilikataa kubadilisha matumizi ya ardhi. Kwa hiyo jengo lilikufa bure.

Mnara wa kurukia kwa miavuli ulipata bahati nzuri zaidi, ingawa kwa taabu. Ulitengenezwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939, kwa kufuata mitambo ya kuwafundisha askari kuruka kutoka angani, na mwaka 1941 ukahamishiwa Steeplechase. Una urefu wa zaidi ya mita 75. Uliacha kufanya kazi katika miaka ya 1960. Mwaka 1977 tume ikautangaza kuwa alama ya jiji. Miezi michache baadaye bodi ya jiji ikafuta tangazo hilo. Ikachukua hadi mwaka 1989 kutangazwa tena. Uko palepale mpaka leo, umepakwa rangi, unawashwa taa usiku, na hakuna anayeruka.

Rolakosta ya Thunderbolt, iliyojengwa mwaka 1925, haikutangazwa kabisa. Chini ya reli zake palikuwa na nyumba ya watu, ileile inayoonekana katika filamu ya Woody Allen, Annie Hall, ya mwaka 1977. Novemba 2000 jiji likaivunja, jirani na uwanja mpya wa besiboli uliokuwa ukijengwa mahali ilipokuwa Steeplechase. Mahakama baadaye iliona kwamba jiji lilikosea kuivunja, lakini hukumu haiunganishi mbao zilizokwisha katwa. Timu iliyouhamia uwanja huo ilijiita Cyclones, kwa jina la rolakosta nyingine iliyopona.

*Kwa ufupi: moto uliondoa vitu vya kwanza, fedha zikaondoa vya pili. Sheria ililinda baadhi ya vilivyobaki, lakini sheria hulinda umbo. Haiwezi kumlazimisha mtu yeyote kupanda.*

Kinachotumika ndicho kinachopona

Sasa niseme ninachokiamini katika jambo hili, hata kama wataalamu wa majengo hawatapenda. Mashine ya starehe huhifadhika kwa kutumika. Ikisimama, huanza kufa, hata kama imezungushiwa vibali.

Cyclone ilifunguliwa tarehe 26 Juni 1927. Njia yake ni ya mbao juu ya fremu ya chuma, na mteremko wake wa kwanza una urefu wa kama mita 26. Katika miaka ya 1970 jumba la samaki la jirani lilitaka eneo lake lipanuliwe, na Cyclone ilikuwa njiani. Ilipona kwa sababu wenye bustani ya Astroland walikubali kuikodi kutoka kwa jiji, wakaitengeneza, wakaifungua tena mwaka 1975, na watu wakapanga foleni. Tangazo la jiji lilikuja mwaka 1988, na la taifa mwaka 1991. Angalia mpangilio huo: kwanza foleni, halafu karatasi.

Na ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa pale? Kila majira ya baridi, bustani ikiwa imefungwa, mafundi hupanda juu ya reli na kubadilisha mbao zilizooza. Mtu mkali anaweza kuuliza kama hiyo bado ni Cyclone ya mwaka 1927. Mjenzi wa majahazi angemcheka: jahazi hubadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, na nahodha hasemi ana chombo kipya. Kinachopita kutoka kizazi hadi kizazi ni ujuzi wa fundi anayejua ubao upi umechoka kwa kuugonga tu, na wa mwendeshaji anayejua siku ya mvua reli huteleza zaidi. Ujuzi huo haumo katika tangazo lolote la tume.

Gurudumu kubwa liitwalo Wonder Wheel ni mfano mwingine, na hadithi yake ni tamu. Lilianza kazi mwaka 1920. Lina kimo cha kama mita 46 na vyumba 24 vya abiria; 16 kati yake havikutulia mahali pamoja bali huteleza kwenye reli za ndani gurudumu linapozunguka, na ndivyo vinavyotoa mayowe. Mhamiaji kutoka Ugiriki, Denos Vourderis, aliyekuwa akiuza soseji, alimwahidi mchumba wake kwamba siku moja atamnunulia gurudumu lile. Mwaka 1983 akalinunua. Familia yake inaliendesha mpaka sasa. Lilitangazwa alama ya jiji mwaka 1989, miaka sita baada ya ahadi kutimizwa.

Farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka ya B&B nao wangeweza kuuzwa mmoja mmoja kwenye mnada, maana farasi wa kuchongwa kwa mkono wana bei kubwa kwa wakusanyaji. Jiji likainunua bembea nzima mwaka 2005, likaipeleka kukarabatiwa katika jimbo la Ohio, ikarudi kuzunguka mwaka 2013.

Njia ya ajabu kuliko zote ni ya Dick Zigun, msanii wa maigizo aliyeanzisha asasi ya Coney Island USA mwaka 1980, wakati mtaa ulikuwa umechoka na watu wakiuogopa. Hakujenga kitu. Alirudisha maonyesho ya watu wanaomeza panga na kutafuna moto, akafungua makumbusho madogo, na mwaka 1983 akaanzisha maandamano ya nguva: kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi watu hujipamba kama viumbe vya baharini na kupita barabarani. Si desturi ya kale hata kidogo. Lakini imekwisha pita miaka 40, na wapo waliobebwa pale wakiwa watoto ambao sasa wanawapeleka wa kwao.

Sauti za wenyewe

Mashine haisemi ilimbeba nani. Kwa hilo inahitajika historia simulizi, maana yake masimulizi ya mtu aliyeyaona mambo, yakarekodiwa kwa sauti yake na kuwekwa pamoja na tarehe, jina na ruhusa yake.

Mwaka 2004 Carol Hill Albert na Jerome Albert, waliokuwa wakiendesha Astroland, walianzisha Coney Island History Project kwa heshima ya Dewey Albert, muasisi wa bustani hiyo. Mwandishi Charles Denson, aliyekulia mtaani humo na kuandika kitabu chake mwaka 2002, ndiye aliyepewa kuuongoza mradi. Wamerekodi mamia ya watu, kwa Kiingereza na pia kwa Kirusi, Kichina na Kihispania, kwa sababu hizo ndizo lugha za majirani. Ukumbi wao wa maonyesho uko chini ya Wonder Wheel, kwa hiyo mtu anashuka kwenye kiti, miguu bado inatetemeka, anakutana na picha ya babu wa mtu mwingine akishuka palepale.

Thamani ya kazi hii naiona vizuri zaidi kwenye habari ya watoto njiti. Kuanzia mwaka 1903 hadi 1943, katikati ya soseji na bembea, mtu aliyeitwa Martin Couney alionyesha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wakiwa ndani ya inkubeta, masanduku ya kioo yenye joto. Watazamaji walilipa kiingilio cha senti 25. Wazazi hawakulipa chochote. Viingilio ndivyo vilivyogharimia wauguzi na maziwa. Hospitali nyingi wakati huo hazikuwa na mashine hizo na ziliona watoto wa namna hiyo hawana tumaini. Inakadiriwa kuwa aliokoa watoto 6,500 hivi kati ya 8,000 waliopita mikononi mwake katika maonyesho yake yote. Na watafiti hawajapata ushahidi kwamba alikuwa na shahada ya udaktari.

Ukisoma postikadi peke yake, utaona aibu: watoto wachanga wanaonyeshwa kama tumbili. Lakini baadhi yao waliishi hadi uzee wakasimulia. Mmoja aliyezaliwa mwaka 1920 alieleza jinsi baba yake alivyoambiwa na madaktari kwamba mtoto hataishi, akamfunga kwenye blanketi, akaita teksi, akampeleka Coney Island. Alisimulia hayo akiwa na zaidi ya miaka 90. Simulizi yake haimsafishi Couney, ila inamwondoa kwenye kundi la matapeli wa kawaida.

Msomaji makini atauliza: je, kumbukumbu za wazee si hukosea? Hukosea. Inasimuliwa, kwa mfano, kwamba mwaka 1948 mchimba makaa aliyekuwa bubu kwa miaka alipanda Cyclone, akapiga ukelele, na aliposhuka akasema anahisi kichefuchefu. Sina sababu ya kuiapia hadithi hiyo, lakini inatueleza watu waliiogopa na kuiheshimu mashine ile kiasi gani. Hata hivyo tusidhani karatasi ndizo zisizokosea. Dreamland ilipoungua, habari za kwanza magazetini zilisema watoto wa inkubeta wamekufa. Hawakufa; walitolewa wote wakiwa hai.

Yanayouma

Wanaopenda mahali hupenda kumbukumbu tamu, na hapo ndipo mradi wa kuhifadhi hugeuka tangazo la biashara. Coney Island ina mambo ambayo hayafai kwenye postikadi.

Tembo jike aitwaye Topsy aliuawa pale tarehe 4 Januari 1903, Luna Park ikiwa bado inajengwa, kwa sumu, kamba na umeme, baada ya wenye kumfuga kumwona msumbufu. Kampuni ya Edison ilipiga filamu, na ipo hadi leo. Wengi huamini Thomas Edison mwenyewe ndiye aliyepanga tukio ili kuchafua umeme wa washindani wake. Hakuwapo siku hiyo, na ushindani huo ulikuwa umekwisha miaka mingi nyuma. Mwaka 2003, karne moja baadaye, palizinduliwa kumbukumbu yake kwenye makumbusho ya mtaani.

Zito zaidi ni la binadamu. Mwaka 1905 Truman Hunt aliwaleta Luna Park wanaume, wanawake na watoto wa Igorot kutoka milima ya Ufilipino, nchi iliyokuwa chini ya Marekani. Waliwekwa kwenye kijiji cha bandia wakatazamwe. Kwao mbwa aliliwa katika shughuli maalumu. Hapa walitakiwa kumla kila mara, kwa sababu hicho ndicho kilichovuta wateja. Hunt alikula pia mishahara yao, na mwaka 1906 alikamatwa na kushitakiwa. Sisi tunaotoka katika bara ambalo watu wake walionyeshwa kwa namna hiyo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani hatuhitaji kuelezwa uchungu wake. Ninachokazia ni kwamba mtunza kumbukumbu anayeweka taa 250,000 za Luna Park ukutani na kuwaacha Waigorot kabatini ameandika nusu ya tiketi.

*Kwa ufupi: mashine huokolewa na wapandaji, maana yake huokolewa na wasimulizi, na ukweli wake huokolewa na yule asiyekubali kuchagua matamu peke yake.*

Ukitaka kuanza mwenyewe

Huhitaji makumbusho. Simu yenye kinasa sauti, chumba kisicho na feni inayovuma, na mzee aliyefanya kazi ufukweni vinatosha kwa siku ya kwanza. Muuza tiketi ana habari nyingi kuliko mwenye bustani, na mfagiaji ana nyingi kuliko wote wawili. Mwamkie ipasavyo, usikimbilie swali, na usimkatize akipotea njia. Mara nyingi huko anakopotelea ndiko kwenye habari. Maswali yanayozaa ni yale madogo:

- Ulilipwa kiasi gani, na ulilipwa siku gani?
- Ulifika kazini kwa njia ipi?
- Nani hakuruhusiwa kuingia, na alizuiwaje?
- Mvua ikinyesha mlifanya nini?
- Mashine ikiharibika aliitwa nani?
- Harufu ya mahali ilikuwaje asubuhi kabla ya watu?

Kuhusu picha, andika majina nyuma kwa penseli siku hiyohiyo, kwa sababu anayemjua shangazi wa kushoto huenda ni mtu mmoja tu aliyebaki. Pwani ina hatari yake ya ziada: tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliingiza maji ya bahari katika maonyesho na mabanda ya Coney Island, na chochote kilichokuwa chini na hakina nakala kilikuwa kwenye rehema ya chumvi. Weka nakala mbili mahali pawili, moja iwe mbali na maji. Ya tatu mpe mwenye sauti, pamoja na karatasi inayosema ameruhusu itumike wapi, na kwamba akibadili mawazo ana haki ya kusema basi.